Bi. Mwamvua Ahitimu Umaskini

Nchi ninayoisema haipo mahali popote, kwa hiyo asitokee mtu akaniambia anaijua. Ukiona waziri wa huko anafanana na waziri wako, mlaumu waziri wako.

Nchi hiyo ilikuwa na maskini wengi, lakini walikuwa wamepangwa vizuri. Walikuwa na wizara yao, Wizara ya Ufukara na Ustawi, yenye jengo la vioo refu kuliko majengo yote ya mji mkuu. Ukiuliza kwa nini jengo la maskini ni refu hivyo, unaambiwa ni ili kila maskini aweze kuliona kutoka alipo, ajue kwamba anakumbukwa. Ndani viyoyozi vilipuliza baridi kali mpaka wafanyakazi wakadai posho ya makoti. Walipewa bila ubishi. Ilitolewa kwenye fungu la mablanketi ya wazee.

Kila mwaka Wizara ilifanya semina ya kutafakari njaa. Semina ilifanyika hotelini, na haijawahi kutokea hata moja iliyoisha watu hawajashiba.

Kazi yenyewe ya kusaidia ilikuwa chini ya Mpango wa Kushikana Mikono. Mpango ulimpa kila maskini aliyethibitishwa posho kila mwisho wa mwezi. Posho ilikuwa ndogo, lakini ilitolewa kwa heshima kubwa: bendi ya matarumbeta, hema la wageni rasmi, na hotuba ndefu kuliko posho. Maskini wenyewe walisimama juani. Haikuwa roho mbaya. Wangekaa tu, mtu angeuliza hivyo viti wamevipata wapi.

Katika mtaa wetu wa Kichangani aliyepokea posho hiyo alikuwa Bi. Mwamvua, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mume alishafariki, binti alishafariki, wakabaki yeye, wajukuu wawili na ugonjwa wa presha. Posho ilitosha unga wa mwezi na vidonge vya presha. Ikikosekana, inabidi achague kimoja. Jambo lenyewe ni hilo. Mengine yote nitakayosimulia ni mbwembwe za wakubwa.

Mimi nasukuma mkokoteni. Watu wananiita Kaka Shomvi.

*

Siku moja likapita gari lenye spika kutangaza kwamba Mkaguzi Mkuu wa Ufukara atatembelea nyumba za wanufaika, kuona kama bado ni maskini au wameacha.

Sasa lazima niwaeleze kitu kuhusu Kichangani. Kwetu nyumba haipokei mgeni kwa vyombo vyake peke yake. Mgeni akija kwa jirani, mtaa mzima unatoa. Huyu anatoa vikombe, huyu chupa ya chai, huyu kitambaa cha meza, na mwenye jogoo anajua kazi imemfikia jogoo. Ndivyo tulivyolelewa. Bibi zetu waliazimana mpaka hereni. Na huyu hakuwa shangazi wa mtu kutoka shamba, alikuwa mgeni wa Serikali.

Msidhani tulikuwa wajinga. Tulijua kabisa kwamba anakuja kupima umaskini. Lakini utamkalishaje Mkaguzi Mkuu juu ya ndoo?

Kinyozi akatoa viti vyake vitatu vya kuzunguka. Mama Hobokela wa genge akatoa vikombe vyenye maua na jogoo. Fundi redio akaleta televisheni ya mteja aliyehamia mbali, haiwaki lakini ukiifuta inang'aa. Zulia lilitoka kwa mtu ambaye sitamtaja, kwa sababu na yeye alikuwa ameliazima. Vyote nilivisukuma mimi, bure, na mwisho nikaongeza saa yangu ya ukutani. Bi. Mwamvua alisimama mlangoni anaangalia nyumba yake inavyojaa, akasema anaona haya, anaogopa kuingia bila kubisha hodi.

Mkaguzi Mkuu aliitwa Bwana Ndimbwa. Aliingia na wasaidizi na kishikwambi cha Wizara, chombo cha kisasa kilichonunuliwa kwa msaada wa nje. Unakipigisha picha vitu vya ndani, kinawaza kidogo, kisha kinatoa hukumu. Mwenye nyumba akiwa maskini, kinakohoa. Akiwa tajiri, kinapiga wimbo wa taifa.

Bwana Ndimbwa alikula jogoo, akanywa chai ya maziwa, akazunguka kidogo kwenye kiti cha kinyozi kwa furaha. Halafu akauliza viti vile ni vya nani.

Hapo tukatazamana. Kwetu hakuna tusi kubwa kama kumwambia mgeni kwamba amekalia kitu cha kuazima. Bi. Mwamvua akajibu kama alivyofundishwa na mama yake.

"Vyako, mgeni wetu."

Bwana Ndimbwa akatafuta jibu hilo ndani ya kishikwambi, hakuliona. Akabonyeza lililokuwa karibu, ambalo lilikuwa "vya mwenye nyumba". Kishikwambi kikawaza, kikapiga wimbo wa taifa.

Wote tukasimama wima. Huwezi kukaa wimbo wa taifa ukipigwa. Wasaidizi walisimama na mapaja ya jogoo mkononi, mdomo umejaa, macho mbele. Beti zilikuwa nyingi. Ulipoisha, Bwana Ndimbwa alimpa Bi. Mwamvua mkono, akamwambia hongera, ametoka kwenye umaskini, na kuanzia mwezi huo asijisumbue kuja kupanga foleni.

*

Bi. Mwamvua alikwenda Wizarani kukata rufaa. Mimi nilimsindikiza. Mlinzi wa mlangoni alitukataza kuingia kwa sababu hatukuwa na miadi, na miadi ilitolewa ndani.

Mwisho akatoka kijana wa suti, akatusikiliza vizuri kabisa, akaeleza kwamba rufaa za mtu kusema ameonewa kuitwa maskini zipo, na fomu zake zipo. Lakini mtu kulalamika kwamba ameonewa kuitwa tajiri, hilo Wizara haikulitegemea. Akasema pia kwamba hata wangetaka, wamechelewa, kwa sababu jina la mama limeshaingia kwenye mahafali.

"Mahafali ya nani?" Bi. Mwamvua akauliza.

"Ya wanaohitimu umaskini, mama. Utavaa joho."

Na kweli akavaa joho. Mahafali yalifanyika Uwanja wa Taifa. Wahitimu wote walivaa majoho meusi na kofia za pembe nne, wakapita mbele ya Waziri mmoja mmoja kwa mwendo wa polepole, wengi wakiwa pekupeku. Kodi ya joho ilikatwa kwenye posho ya mwisho, na kodi ya kofia ikamaliza iliyobaki. Nilimwona mzee mmoja analia. Mtangazaji wa redio akasema ni machozi ya furaha. Yule mzee akamwambia ukweli wake, na redio ikaweka muziki.

Mheshimiwa Waziri alihutubia. Alisema zamani dunia ilidhani umaskini unatibiwa kwa kuwapa watu vitu. Sisi tumegundua kwamba unatibiwa kwa kuwakagua. Akamwita Bi. Mwamvua jukwaani, akamshika bega, akauambia uwanja kwamba mama huyu mwaka jana alikuwa hana hata kigoda, leo ana viti vinavyozunguka. Nchi ngapi zinaweza kusema hivyo? Uwanja ukapiga makofi. Kinyozi wetu naye alipiga, kwa sababu vilikuwa viti vyake.

Bi. Mwamvua akamuuliza Waziri kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu.

"Mheshimiwa, sasa nikishahitimu, nakula nini?"

"Unakula matunda ya maendeleo, mama."

"Yanauzwa gengeni au sokoni?"

Bendi ikapewa ishara ipige.

Tuliporudi nyumbani alikunja cheti chake akakiweka chini ya godoro la wajukuu, upande wenye shimo. Mwezi ule akachagua unga. Kichwa kikawa kinamgonga mchana kutwa, akawa anakifunga kwa kanga na kutembea ameshika ukuta. Mtaa ulimchangia vidonge, lakini Kichangani ikichanga haifiki mbali.

*

Wafadhili walipoona picha za mahafali walifurahi mno, wakaongeza fedha. Wizara ikajikuta ina fedha nyingi na maskini wachache, maana wengine wote walikuwa wamehitimu. Fedha zisipotumika zinarudi, na hakuna kitu kinachoiumiza Wizara kama fedha kurudi. Basi posho ikapandishwa, ikawa kubwa mara nyingi kuliko ile ya zamani. Juu yake mwenye kadi ya ufukara akapewa msamaha wa kodi, kiwanja, na watoto kusomeshwa ng'ambo.

Hapo ndipo umaskini ulipoanza kupendwa na watu wenye akili.

Kule Mlimani, mtaa wa mageti na maua, alikuwako Bwana Makwaya. Ana mashine za kusaga, ana maduka ya vifaa vya ujenzi, ana tumbo lake zuri. Mheshimiwa Waziri alikuwa anakula kwake kila sikukuu. Bwana Makwaya akaamua kuwa maskini. Shida ilikuwa nyumba yake, imejaa. Angezipeleka mali kwa ndugu zake, lakini nao walikuwa wanahangaika na zao. Mlimani nzima watu walikuwa wanazunguka na mapazia mikononi.

Akakumbuka kwamba kuna nyumba ambazo Mkaguzi haendi tena, nyumba za waliohitimu. Akaja Kichangani mwenyewe, akamkuta Bi. Mwamvua anapepeta, akamsalimia shikamoo, wakati mkubwa kwa umri ni yeye Bwana Makwaya. Akamwomba amtunzie vitu vichache kwa muda.

"Vitu gani?" akauliza Bi. Mwamvua.

"Friji tu, mama. Na masofa. Na kitanda, kabati, televisheni. Na kinanda cha mke wangu."

"Mimi sina umeme, baba."

"Aa, usihofu. Weka hata vitumbua ndani."

Bi. Mwamvua alikubali. Mtu akikuomba umtunzie kitu huwezi kumfukuza. Halafu Bwana Makwaya, kabla hajaondoka, akatupa macho ndani. Akaomba na yeye aazimwe kidogo: ule mkeka uliochanika, lile sufuria lisilo na mfuniko, na yale mafiga matatu. Alisema kwake hawana vitu vya namna hiyo na wakati hautoshi kuvichakaza vipya.

Nilifanya kazi ile mchana kweupe, maana mchana hakuna anayemuuliza mtu wa mkokoteni anakwenda wapi. Nilishuka na friji, nikapanda na mafiga. Nilishuka na kinanda, nikapanda na mkeka. Wenzake wa Mlimani walipoona, wote wakafanya hivyo hivyo. Barabara ikajaa mikokoteni, wanaoshuka wamebeba makabati, wanaopanda wamebeba vibuyu na vyungu vilivyopasuka. Bei ya sufuria bovu ikapita bei ya zima. Wake wa Mlimani walikaa uani wakifundishwa kupuliza moto, wakakohoa siku nzima. Mwalimu wao alikuwa Mama Hobokela, na alitoza kwa kila mtu.

Bwana Ndimbwa alipofika kwa Bwana Makwaya alimkuta amekaa kwenye mkeka wa Bi. Mwamvua, amevaa gunia lenye matundu ya mikono, anatazama mafiga matupu. Kishikwambi kilikohoa mpaka kikazimika. Bwana Ndimbwa alitoa leso. Alisema katika kazi yake yote hajaona ufukara uliopangika namna ile.

Mwezi haukuisha, Bwana Makwaya akatangazwa Maskini Bora wa Mwaka.

*

Halafu wafadhili wakasema wanakuja kuona kwa macho yao.

Aliyekuja alikuwa mama mmoja mrefu, mwenye kofia pana na mkalimani wa kupewa na Wizara. Mkalimani yule alikuwa na kipaji. Ungesema chochote kwa urefu wowote, yeye angegeuza kwa neno moja, na neno hilo lilikuwa "Anashukuru".

Mheshimiwa Waziri aliwaleta Kichangani bila taarifa, na Bwana Makwaya na mkewe wakaletwa pia kwenye basi la Wizara, ili mgeni aone maskini wa kweli na mhitimu wa kweli wamesimama pamoja. Waandishi wa habari walikuwepo, kamera zinawaka.

Waziri akafungua mlango wa Bi. Mwamvua kwa mkono wake. Ndani hapakuwa na pa kukanyaga. Wajukuu walikuwa wamelala juu ya kinanda. Friji lilisimama katikati kama mwenye nyumba. Mama mfadhili akavua kofia. Waziri mwenyewe alishtuka, maana masofa yale aliyafahamu kwa makalio yake. Lakini waziri hawi waziri kwa kushtuka muda mrefu. Akakohoa, akatabasamu, akasema mnaona, akauliza mbele ya kamera kwa sauti ya kushangilia.

"Mama, vitu vyote hivi ni vya nani?"

Mimi nilikuwa dirishani. Nilimwona Bi. Mwamvua ameshika ukuta, kanga imekaza kichwani. Siku ile hakuwa na kidonge hata kimoja.

"Mheshimiwa," akasema, "nimechoka na heshima. Vitu hivi ni vya Bwana Makwaya, huyo hapo mwenye gunia. Mimi sina hata kijiko. Posho yangu mliikata kwa viti vya kinyozi. Naomba mnirudishe kwenye Mpango, nipate vidonge vyangu."

"Anashukuru," akasema mkalimani.

Lakini waandishi walikuwa wamesikia, na kamera zikageuka zote kwa Bwana Makwaya. Akisema ndiyo, kadi imekwenda, kiwanja kimekwenda, watoto wanarudi kutoka ng'ambo na masanduku yao, na kuna kifungu cha sheria kinachomfunga anayejifanya maskini. Waziri alimtazama kwa macho ya mtu anayeomba maji.

"Ndugu maskini," akasema Waziri polepole, "vitu hivi ni vyako?"

Bwana Makwaya akalitazama friji. Akaangalia masofa, akaangalia kitanda chake cha mninga.

"Mheshimiwa, mimi hata sijui hicho kisanduku cheupe kinafanya kazi gani."

Mtaa mzima ukalipuka kwa kicheko. Mama Hobokela alikaa chini. Mke wa Bwana Makwaya alitoa kilio kimoja kirefu, akashikilia mguu wa kinanda, ikabidi abebwe.

"Anashukuru," akasema mkalimani.

Waziri alipata nguvu. Akatangaza mbele ya taifa kwamba jambo limekwisha: vitu ni vya mama huyu, ni vyake halali, ni ushahidi wa Mpango, na atakayedai vinginevyo atakuwa ameiita Serikali mwongo. Kuhusu kumrudisha kwenye Mpango, alisema kwa huruma kwamba mama ameshiba mpaka ameanza kusema ovyo. Wakapanda magari, vumbi likabaki na sisi.

Bi. Mwamvua akaketi kwenye sofa kwa mara ya kwanza. Tulidhani analia. Alikuwa anabonyeza mito, kusikia kama ni mizuri.

*

Bwana Makwaya alirudi kesho yake na mimi na mkokoteni wangu, kuchukua mali. Aliingia kwa kujiamini, akaniambia nianze na friji.

"Friji la nani, Kaka Shomvi?" Bi. Mwamvua akaniuliza mimi. Hakumwangalia yeye.

Nikasema, kwa kadiri nilivyosikia kwenye redio, ni lako.

Bwana Makwaya alitishia. Alitaja polisi. Bi. Mwamvua akamwambia polisi yupo pale kona, aende akamweleze kwamba Maskini Bora wa Mwaka ameibiwa friji. Bwana Makwaya akafika mpaka mlangoni, akasimama, akarudi. Akabembeleza. Alisema mkewe ameapa hatalala tena chini, kiuno kimekufa, na kwamba mkeka ule una chawa.

"Hauna chawa," Bi. Mwamvua akasema. "Ni wewe hujauzoea."

Mwishowe Bi. Mwamvua akasema kwamba yeye si mtu mbaya, kama anavitaka vitu hivyo atamuuzia. Bwana Makwaya akatoa bunda la noti papo hapo. Bi. Mwamvua akalirudisha mikononi mwake, akamuuliza maskini amelipata wapi bunda kama hilo, na dirisha liko wazi, na watu wanapita. Atalipa kwa posho yake tu, kila mwezi. Nyingine hapokei, asije akaonekana anashirikiana na mdanganyifu.

Basi ndivyo ilivyo hadi leo. Mwisho wa mwezi bendi inapiga, Waziri anahutubia, Bwana Makwaya anasimama juani na gunia lake mpaka anapewa posho. Kutoka hapo anakuja moja kwa moja Kichangani. Bi. Mwamvua anazihesabu noti, anamtuma mjukuu mkubwa duka la dawa na mdogo dukani kwa unga, kisha tunaangalia pesa imefikia wapi. Bwana Makwaya alianza kukomboa godoro la kitanda chake, kwa ajili ya mkewe. Ukafuata mguu mmoja wa kitanda, akasisitiza kuuchukua. Wizara imeandika kwamba Mpango wa Kushikana Mikono sasa unawafikia walengwa, na mimi sina la kubisha.

Mwezi uliopita zamu ikafika kwenye friji. Nikalipandisha mkokotenini, nikalifunga kamba. Bwana Makwaya akalizunguka, akashangaa, akauliza mbona lipo wazi, mlango uko wapi.

Bi. Mwamvua alikuwa anameza kidonge chake. Alikunywa maji kwanza, bila haraka, akaweka kikombe chini.

"Mlango ni wa mwezi ujao, baba."